Lugha ya Kampeni na Lugha ya Kura: Uhakiki wa Kanuni ya Kumsaidia Mpiga Kura katika Lamu Mashariki

Katika Kanuni za Uchaguzi za Kenya za mwaka 2012 imo kanuni moja, ya 72, ambayo aghalabu husomwa na mawakili wala si na wanaisimu. Kanuni hiyo inaeleza namna ya kumsaidia mpiga kura asiyeweza kupiga kura peke yake. Mtu mwenye ulemavu, au asiyejua kusoma wala kuandika, anaweza kumwomba msimamizi wa kituo amruhusu asaidiwe na mtu aliyemchagua mwenyewe. Msaidizi huyo sharti awe ametimiza miaka 18. Asiwe mgombea wala wakala wa mgombea. Asimsaidie mtu zaidi ya mmoja katika uchaguzi huo. Naye hujaza Fomu 32 na kuahidi kutunza siri. Mpiga kura asipokuja na mtu wake, msimamizi wa kituo humsaidia mwenyewe, mbele ya mawakili. Ni kanuni yenye huruma, na imeandikwa kwa uangalifu. Lakini limo pengo ndani yake. Hakuna mahali inapotaja lugha.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba pengo hilo si la uandishi tu. Linatokana na dhana ya zamani kwamba mwananchi asiyeielewa karatasi ya kura hana budi kuwa hajui kusoma, kana kwamba kusoma ni kitu kisicho na lugha. Mahali panapofichua udhaifu wa dhana hiyo kwa urahisi ni eneo la uchaguzi la Lamu Mashariki, ambamo watu wa visiwani na watu wa msituni hupiga kura kumchagua mbunge mmoja, na ambamo siasa kwa muda mrefu imekuwa kazi ya maneno kabla ya kuwa kazi ya karatasi.

Lamu Mashariki ina wadi tatu: Faza, Kiunga na Basuba. Faza imo katika kisiwa cha Pate. Kiunga iko pwani ya bara, karibu na mpaka wa Somalia. Basuba iko upande wa bara pia, penye msitu wa Boni, na vijiji vyake ni pamoja na Mangai, Milimani, Mararani na Kiangwe. Katika kisiwa cha Pate peke yake msikilizaji makini husikia Kipate, Kisiu na Kitikuu. Na Kitikuu, lugha ya Wabajuni, husikika vilevile Ndau, Kiwayu na Kiunga. Kiamu, lahaja ya mji wa Lamu ulioko katika eneo jirani la Lamu Magharibi, kimeenea kote huko kwa njia ya mashairi na mawaidha. Basuba ni habari nyingine kabisa. Huko wanaishi Aweer, ambao jirani zao wamezoea kuwaita Waboni. Lugha yao ni ya Kikushi, iliyo karibu na Kisomali, wala haina undugu wowote na Kiswahili isipokuwa ule wa kukopana maneno. Bernd Heine aliieleza lugha hiyo na lahaja zake katika kitabu kilichotoka mwaka 1982, na UNESCO imeiorodhesha miongoni mwa lugha zilizo hatarini. Wasemaji wake wanahesabiwa kwa maelfu machache tu, katika kaunti ambayo sensa ya mwaka 2019 iliikuta na watu 143,920.

Yafaa kuanza na visiwa, kwa sababu ndiko utajiri ulikozidi. Hapana shaka kwamba siasa ya visiwa hivi imekuwa na lugha yake tangu zamani. Mwanzoni mwa karne ya 19, katika ugomvi wa Lamu na Mombasa uliofikia kilele chake katika vita vya Shela, Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu alikuwa kiongozi na mshairi kwa pamoja, na tungo zilikuwa sehemu ya mashauri ya mji kama zilivyokuwa silaha. Katikati ya miaka ya 1970, mapambano ya kuwania kiti cha Lamu Mashariki yalizaa tungo zinazojulikana kwa jina la Kimwondo, ambazo Assibi Amidu alizikusanya na kuzichambua katika kitabu kilichochapishwa Vienna mwaka 1990. Mtu anayetaka kujua namna wananchi wanavyoweza kuelewa uchaguzi hana sababu ya kutafuta mfano mbali na hapo. Hoja hujibiwa kwa hoja, mgombea hupimwa kwa maadili ya mji, na msikilizaji hutazamiwa kuelewa fumbo bila kufafanuliwa. Hakuna aliyemdhania mpiga kura kuwa mjinga. Mshairi alimchukulia kuwa hakimu, na kwa sababu hiyo alimtungia kwa lugha ya nyumbani kwake.

Mwaka 1974 uleule ambao nchi iliingia katika uchaguzi mkuu, Kiswahili kiliruhusiwa kutumika katika Bunge la Kenya. Baadaye katiba ikataka kila mgombea ubunge aweze kusema na kusoma Kiswahili na Kiingereza kiasi cha kushiriki katika shughuli za Bunge, na sharti hilo lilidumu mpaka katiba ya mwaka 2010. Kwa maneno mengine, dola ilikuwa makini sana juu ya lugha ya mchaguliwa. Juu ya lugha ya mchaguzi haikusema kitu. Ilidhaniwa, yamkini, kwamba Kiswahili kimemaliza neno.

Dhana hiyo ina ukweli fulani, na mhakiki hana budi kuukubali kabla ya kuupinga. Karatasi ya kura ya Kenya ina maandishi machache: jina la mgombea, picha yake, alama ya chama chake. Tangu mwaka 2013 mpiga kura hupewa karatasi sita, za rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wa wadi, na kila moja ina rangi yake: nyeupe, buluu, njano, kijani, zambarau, na rangi ya mchanga kwa wadi. Mbajuni wa Kizingitini hatatatizwa na karatasi kama hiyo kwa sababu tu yeye husema "nti" pale mwalimu aliposema "nchi", au "ndia" pale kitabu kilipoandika "njia". Wako wanaodai kwamba lahaja za kaskazini nazo zinahitaji tafsiri rasmi za matangazo ya uchaguzi. Dai hilo lina uzalendo mwingi kuliko haja. Kilichowapata wasemaji wa Kiamu na Kitikuu ni dhara la namna nyingine. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa usanifishaji, na tangu hapo lahaja iliyobeba Al-Inkishafi na Utendi wa Mwana Kupona ikahesabiwa kuwa kosa katika daftari la mtoto wa Pate. Hayo ni malalamiko ya haki, lakini mahali pake ni shuleni na katika kamusi. Mtu huyo akifika kituoni, haki yake haipotei kwa ajili ya lahaja.

Hata hivyo, maneno ya Kiswahili cha uchaguzi yana utata ambao wasemaji wake wenyewe hawautambui tena kwa sababu ya mazoea. Neno "kura" ni la Kiarabu, na maana yake ya asili ni ile ya kupigiana kura ili jambo liamuliwe na bahati au na majaliwa ya Mungu. Maana hiyo haijafa: warithi wanaogawana shamba bado wanaweza kupiga kura, na hapo hakuna mtu anayechagua chochote. Kiswahili kimelitwaa neno hilohilo kutaja tendo lililo kinyume chake, yaani mtu kuamua kwa hiari na akili yake. Msemaji wa Kiswahili hupambanua maana hizo mbili kwa muktadha. Lakini mtu aliyekipata Kiswahili sokoni, kwa kuuza asali na kununua unga, amepata neno bila muktadha wake. Hali kadhalika maneno "seneta" na "gavana" ni mageni hata kwa Waswahili, nayo hayajieleza yenyewe; kazi ya seneta haijulikani kwa kulitaja jina lake. Neno la wananchi, "debe", ambalo Wakenya wengi hulitumia kwa sanduku la kura, lina faida ya kushikika. Ni la bati, na kila nyumba imewahi kuwa nalo. Maofisa hulikwepa, wakalitumia sanduku, na kwa kufanya hivyo wameacha neno bora wakachukua neno la heshima.

Hapo ndipo habari ya Basuba inapoanza. Kila inapotajwa lugha ya Aweer katika mambo ya serikali, jibu la kawaida huwa kwamba wote wanajua Kiswahili. Jibu hilo si uongo, lakini limechanganya mambo mawili ambayo msomi wa lugha hawezi kuyachanganya. Kujua lugha ya kuamkiana, ya kuulizana njia na ya kupatana bei ni jambo moja. Kuijua kiasi cha kufuata maelezo ya karatasi sita, kila moja ikiwa na wagombea wake na cheo chake, na kuelewa kwamba alama mbili katika karatasi moja huiharibu, ni jambo jingine. Mzee au mwanamke aliyekulia msituni anaweza kuwa na lile la kwanza kwa ukamilifu na lile la pili akakosa kabisa. Shule, ambayo ingeziba pengo hilo kwa kizazi kipya, imeyumba vibaya katika vijiji hivyo kwa sababu ya hali ya usalama, hasa tangu mashambulizi ya mwaka 2014; na kuanzia Septemba 2015, ilipoanzishwa operesheni ya Linda Boni, msitu ambao ndio uliokuwa riziki na maktaba ya watu hao umekuwa uwanja wa jeshi.

Sasa kanuni ya 72 isomwe upya, mtu huyo akiwa amesimama mlangoni pa kituo. Si mlemavu. Kama anaweza kusoma kidogo, si mtu asiyejua kusoma. Basi kwa maneno ya kanuni hana sababu ya kusaidiwa, ijapokuwa hajaelewa alichoambiwa. Ili apate msaada ni lazima akiri kasoro asiyokuwa nayo, yaani akubali kuandikwa kuwa mjinga wa kusoma ilhali shida yake ni kwamba hajasemeshwa kwa lugha yake. Akikubali, linafuata tatizo la pili. Msaidizi hawezi kumsaidia zaidi ya mtu mmoja. Katika mji mkubwa sharti hilo ni ngao: linamzuia mpambe wa mgombea asiwaongoze wazee ishirini mmoja baada ya mwingine. Katika kijiji kidogo ambamo vijana wanaojua vizuri lugha zote mbili ni wachache, sharti hilohilo linamaliza wasaidizi kabla ya saa sita mchana. Anayebaki ni msimamizi wa kituo, ambaye aghalabu haijui lugha ya Aweer, naye humsaidia mpiga kura mbele ya mawakili. Ibara ya 81 ya katiba inadai kura ya siri. Kwa mpiga kura wa namna hii, siri hiyo imekuwa mazungumzo ya watu wanne au watano, na huenda yeye ndiye anayeyaelewa kwa uchache.

Historia inatoa ulinganisho wa kushangaza. Katika uchaguzi wa Februari 1961, kufuatana na mapatano ya Lancaster House ya mwaka uliotangulia, Mwafrika hakuandikishwa kupiga kura ila awe na mojawapo ya sifa zilizowekwa: umri uliopita miaka 40, cheo, kipato cha pauni 75 kwa mwaka, au kujua kusoma na kuandika lugha yake mwenyewe. Sharti hilo lilikuwa la kibaguzi, na haki ya kila mtu mzima kupiga kura iliyokuja mwaka 1963 ililifagilia mbali kama ilivyostahili. Lakini litazamwe kwa jicho la lugha. Mkoloni, alipotaka kumzuia mtu, alikumbuka kwamba mtu huyo ana lugha yake mwenyewe. Sheria ya taifa huru, ilipotaka kumsaidia mtu huyohuyo, ilisahau.

Na kusahau huko kumetokea chini ya katiba ambayo kwa maneno yake haijasahau. Ibara ya 7 ya katiba ya mwaka 2010 inaiagiza dola kulinda lugha mbalimbali za watu wa Kenya na kukuza matumizi ya lugha za asili. Ibara ya 56 inazitaja lugha za makundi madogo na yaliyotengwa. Ibara ya 83 inasema kwamba mipango ya kuandikisha wapiga kura na kuendesha uchaguzi iwe ya kumrahisishia raia haki yake, isiwe ya kumnyima. Ibara ya 88 inaipa tume ya uchaguzi kazi ya kuelimisha wapiga kura. Ibara hizi zimekaa katika sura mbalimbali, na hakuna inayoishika nyingine mkono. Lugha imewekwa katika mambo ya utamaduni, pamoja na ngoma na mavazi. Elimu ya mpiga kura imewekwa katika mambo ya utawala. Kanuni ya 72 imezaliwa na utawala peke yake.

Yako majibu yanayoweza kutolewa kuitetea. Jibu lililo maarufu zaidi ni lile la alama. Inasemwa kwamba nchi za Afrika Mashariki zilikwisha kulitatua tatizo la lugha kwa picha, na kweli mifano iko. Tanzania, katika uchaguzi wa chama kimoja wa mwaka 1965, iliwapa wagombea wawili wa kila jimbo alama za jembe na nyumba. Jogoo wa KANU alijulikana na watu wasiojua herufi hata moja. Katika kura ya maoni ya mwaka 2005 Wakenya walichagua kati ya ndizi na chungwa, na mwaka 2010 kati ya kijani na nyekundu. Lakini mifano hiyohiyo inaeleza mipaka ya alama. Jembe na nyumba zilidaiwa kuwa hazina upande, nazo hazikuwa hivyo hata kidogo, kwa kuwa mkulima ana maoni yake juu ya jembe na mwenye nyumba ana yake. Ndizi na chungwa hazikumweleza mtu yeyote kilichomo katika rasimu ya katiba. Zilimwambia tu ni upande gani wa watu atakuwamo. Alama humwezesha mpiga kura kulipata jina analolijua tayari. Kumweleza kazi ya cheo, au sababu ya kura yake kuhesabiwa au kukataliwa, ni jambo lisilowezekana ila kwa lugha.

Mfano uliokwenda mbali kuliko yote ni mlolongo wa mwaka 1988, ambapo katika uteuzi wa KANU wapiga kura walijipanga nyuma ya picha ya mgombea wakahesabiwa kwa vichwa. Mbinu hiyo ilifuta kabisa haja ya kusoma, ya kuandika na hata ya kusema. Kwa kipimo cha urahisi haina mshindani. Ilifuta siri pia, na Wakenya hawakuisamehe. Msimamizi anayemsaidia mzee wa Mangai mbele ya mawakili, kwa nia njema, amemrudisha mzee huyo peke yake katika mlolongo.

Jibu la pili ni kwamba lugha isiyo na maandishi mengi haiwezi kuandikiwa karatasi za kura. Jibu hili limekosea swali. Mwaka 1975 Marekani ilipoirekebisha Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya mwaka 1965, iliwaagiza wasimamizi wa uchaguzi wawahudumie wenye lugha za wachache kwa lugha zao pale walipofikia kiwango kilichowekwa; na kwa lugha ambazo kihistoria hazikuandikwa, kama baadhi ya lugha za wenyeji wa asili wa Marekani na Alaska, sheria ilidai maelezo ya mdomo tu. Sheria hiyo imekuwa na kesi nyingi na utekelezaji wake umelegalega, wala haistahili kuigwa neno kwa neno. Viwango vyake vya hesabu, kwa mfano, vingewaacha nje watu wachache kama Aweer iwapo vingehamishiwa Kenya bila kufikiriwa. Lakini imeona jambo ambalo kanuni ya 72 haijaliona: kwamba sauti ni njia kamili ya kuhudumia, wala si mbadala dhaifu wa maandishi. Watu wa visiwa vya Lamu hawahitaji kufundishwa hilo. Kwao utungo uliobaki karatasini bila kutiwa sauti haujafika.

Jibu la tatu ni la umoja wa taifa, nalo halina budi kupewa heshima kwa sababu wanaolitoa wameona damu ikimwagika kwa ajili ya ukabila. Wanahofia kwamba ukikiita kituo kimoja kwa lugha yake, vituo vyote vitadai, na uchaguzi utakuwa mnara wa Babeli. Hofu hiyo ingekuwa na msingi kama lugha za makabila hazingekuwa tayari katika uchaguzi. Zimo, na zimo kwa nguvu: katika redio, katika mikutano ya hadhara, katika nyimbo. Mgombea hafanyi kosa la kumwomba mtu kura kwa lugha asiyoielewa. Kwa hiyo hali ilivyo sasa ni kwamba mwananchi hushawishiwa kwa lugha yake na kuelekezwa kwa lugha nyingine. Mwenye masilahi humsemesha kwa lugha ya mama, na asiye na masilahi, yaani tume, humsemesha kwa lugha ya ofisi. Ikiwa pana hatari kwa umoja, iko katika mgawanyo huo wa kazi.

Ukubwa wa hasara hauwezi kusomwa katika matokeo. Kura za urais zilizokataliwa nchini zilikuwa 108,975 mwaka 2013 na 113,614 mwaka 2022, na takwimu hizo hazitengi kosa la kutoelewa lugha na kosa la mkono uliotetemeka. Zaidi ya hayo, anayepotea kwa ajili ya lugha mara nyingi hapotei katika karatasi iliyokataliwa. Hupotea katika karatasi iliyo halali kabisa, yenye alama moja safi, iliyowekwa na mtu mwingine.

Marekebisho yanayotakiwa ni madogo kuliko kelele zinazoweza kuzuka juu yake. Katika sababu za kusaidiwa zinazotajwa na kanuni ya 72, baada ya ulemavu na kutojua kusoma au kuandika, iongezwe ya tatu: kutoielewa lugha inayotumika kituoni. Sharti la kumsaidia mtu mmoja tu libaki kwa msaidizi wa kawaida, ila awepo mkalimani aliyeapishwa na tume, ambaye kazi yake itakuwa kueleza utaratibu nje ya kitongoji cha kupigia kura, kwa sauti na mbele ya wote, asiingie ndani na mtu yeyote. Tofauti hiyo kati ya kueleza na kusaidia ndiyo ambayo sheria haijaifanya mpaka sasa, nayo ndiyo inayolinda siri, kwa kuwa mtu aliyeelezwa vizuri mlangoni anaweza kuingia peke yake. Maelezo hayohayo yaweza kunaswa katika sauti miezi kadhaa kabla ya uchaguzi, yakatungwa na Aweer wenyewe badala ya kufasiriwa kutoka waraka wa Nairobi, na wazee wa Basuba, Milimani na Kiangwe wakapewa nafasi ya kuyasikiliza na kuyasahihisha.

Fomu 32 nayo ina nafasi ya jina la msaidizi na ya kiapo chake. Iongezwe nafasi moja ya kuandika lugha ambayo mpiga kura alisemeshwa. Kwa njia hiyo, baada ya uchaguzi mmoja tu, itajulikana ni vituo vingapi vya Lamu Mashariki vilivyokuwa na wapiga kura walioandikwa kuwa hawajui kusoma kwa sababu hakuna aliyewauliza wanasema lugha gani.